Gunia la 410 linakwamisha makro

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Newala. Makro yangu (programu ndogo) ya Excel inauliza idadi ya magunia ya korosho, kisha inazidisha kwa 80 kupata kilo za makadirio. Nikiandika 409 inapita. Nikiandika 410 inaleta "Run-time error '6': Overflow", ingawa kilo nimeitangaza Long, aina ya namba kamili kubwa. Mwenzangu ananishauri niweke On Error Resume Next. Nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize. Amri hiyo inauruka tu mstari uliokwama, na kilo inabaki na thamani iliyokuwa nayo: ya mkulima aliyetangulia kama makro inapitia wakulima mmoja mmoja, la sivyo sifuri. Mwenye magunia 410 ataandikiwa mzigo wa mwenzake au sifuri, na huenda mkagundua siku ya malipo.

Bonyeza Debug. Mstari utakaowaka njano ni kilo = magunia * 80. Bila shaka magunia umeitangaza Integer, aina ya namba kamili ndogo, ambayo ni biti 16 na mwisho wake ni 32,767. Ile 80 nayo VBA (lugha ya makro za Excel) inaihesabu Integer, na Integer mbili zikizidishwa, jibu hutafutwa ndani ya Integer kwanza, ndipo lipelekwe kwenye kilo. 409 × 80 ni 32,720, linaenea. 410 × 80 ni 32,800, linafurika kabla Long yako haijaguswa.

Andika Dim magunia As Long, na kwa kilo yatosha. Kwa fedha haitoshi: jumla ya kilo 820,000 za chama kizima kwa bei ya, tuseme, shilingi 3,200 ni 2,624,000,000, na Long inakoma 2,147,483,647. Fedha itangaze Currency, aina ya fedha yenye nafasi kubwa zaidi, kisha uandike fedha = CCur(kilo) * bei. Ukiiacha CCur, inayoigeuza kilo kuwa Currency kabla ya kuzidisha, huku kilo na bei zikiwa Long zote mbili, mchezo ni ule ule.

Sasa kisanduku chenyewe. InputBox ya kawaida hurudisha maandishi, hivyo mtu akiandika "magunia 50" au akibonyeza Cancel, utapata kosa namba 13, yaani aina za data hazilingani. Tumia Application.InputBox yenye Type:=1, ambayo yenyewe hukataa maandishi, na jibu ulipokee kwenye Variant, aina inayobeba thamani yoyote. Cancel hurudisha False, ila usipime kwa jibu = False, maana sifuri nayo itaonekana False. Pima VarType(jibu) = vbBoolean.

Kisha weka mpaka wa kulikataa jibu kabla halijaingia kwenye magunia: If jibu < 1 Or jibu > 2000, au kiwango kinacholingana na ghala lenu. Namba ya simu ikiandikwa kwa bahati mbaya, Long inaimeza bila kunung'unika. Ongeza pia jibu <> Int(jibu), kwa sababu 12.5 ikiingia kwenye Long inakuwa 12 kimyakimya, na 13.5 inakuwa 14.