Mwenye kiharusi asitiwe kitu kinywani

Nilimuuguza mjomba wangu hapa Wete tangu alipopata kiharusi hadi alipoanza tena kutembea kwa mkongojo, na ninalotamani kila nyumba ilijue ni hili: mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukalegea au maneno yakamshinda, apelekwe hospitali mara moja, na asipewe kitu chochote kwa kinywa mpaka wauguzi wapime kama anameza sawasawa. Huenda koo nalo limelegea, na anachonyweshwa kikaingia mapafuni na kumletea nimonia. Kwetu jamaa hukimbilia kombe, yaani maji yaliyooshea aya za Kurani zilizoandikwa sahanini, ili mgonjwa anywe, tena kwa nia njema kabisa. Dua na isomwe, isomwe hata ndani ya gari, lakini kombe lingoje.

Aspirini nayo ingoje. Mara nyingi kiharusi hutokana na bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo, lakini wakati mwingine mshipa wenyewe umepasuka, na aspirini huweza kuzidisha uvujaji. Hakuna awezaye kutofautisha hali hizo mbili kwa kumtazama mgonjwa; inahitajika picha ya siti skani. Dawa ya kuyeyusha bonge, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na aliyevuja damu hapewi kabisa. Ndiyo maana daktari huuliza mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi. Iandikeni saa hiyo, na kama ameamka tayari amepooza, andikeni saa aliyolala akiwa mzima. Sisi wa Pemba, ambao huenda rufaa ikatuvusha bahari hadi hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, tusingojee kikao cha ukoo ndipo gari litafutwe. Hata dalili zikiondoka zenyewe baada ya dakika chache, nendeni, kwani kiharusi kikubwa huweza kufuata.

Mgonjwa akirudi nyumbani, ageuzwe kila baada ya saa mbili ikiwa hawezi kujigeuza. Msimnyanyue kwa kuuvuta mkono uliopooza, maana bega huteguka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyetufundisha kumshika mjomba kiunoni. Kisha presha, ambayo ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi, ipimwe mara kwa mara, na vidonge vyake vinunuliwe kabla havijaisha, hata mgonjwa akisema kwamba sasa anajisikia mzima.