"Jamii" ipi hiyo?

SWALI: Natafsiri dodoso linalopima jinsi mashoga, wasagaji na wanaovutiwa na jinsia zote mbili wanavyojiona kuwa wamoja. Niandike "hisia ya jamii" au "hisia za kijamii"? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Yote mawili yaache. Jamii na jumuiya ni ndugu, shina lao la Kiarabu ndilo lililotupa Ijumaa, lakini kwetu yameshaachana. Jumuiya mtu hujiunga nayo. Jamii ni walimwengu wanaokuzunguka, uwatake usiwatake.

Kinachonichosha ni magazeti kulibandika "jamii" kwenye kila orodha ya watu: jamii ya wavuvi, jamii ya wanamichezo, jamii ya mashoga. Mimea ndiyo tunayoiainisha hivyo, jamii ya mikunde! Watu kufanana jambo moja hakuwafanyi kuwa jumuiya. Hilo ndilo dodoso lako linataka kujua, nawe unalijibu kabla hujauliza.

Chukua kauli "Najiona sehemu ya jamii." Mpe mwanamke wa Kisauni anayependa wanawake. Atawafikiria majirani, mama mwenye nyumba, wenzake wa chama. Harusi anakwenda, matanga anachanga, basi atatia alama "nakubali kabisa", na huenda hajapata kukutana na hata mmoja aliye kama yeye. Mwenzake aliyetengwa na mtaa mzima, lakini ana marafiki wa kufa na kuzikana walio kama yeye, atajibu "sikubali". Majibu yote mawili ni ya kweli, na yote mawili yamekupotosha.

Wanasaikolojia McMillan na Chavis, mwaka 1986, waliigawa hisia hii ya kuwa wamoja sehemu nne: uanachama, ushawishi, kutimiziana mahitaji, na mapenzi yanayowaunganisha. Watafiti Frost na Meyer walipochapisha kipimo chao cha hisia hiyo mwaka 2012, kauli zilitaja waziwazi jumuiya ya watu hawa ya jiji la New York. Fanya vivyo hivyo.

Kipimo kiite "hisia ya kuwa mwanajumuiya", na kila kauli itaje ni jumuiya ya nani, ya wapi. "Wasagaji" liondoe, ni neno la kutukania. Andika "wanawake wanaopenda wanawake". Na "mashoga" chunga: "Nina mashoga wengi" Mombasa mwanamke yeyote atakubali, maana shoga wake ni rafiki yake wa kike. "Wanaume wanaopenda wanaume" haina utata huo.

Kisha wajaribishe watu wachache, na kila ajibuye muulize: ulimfikiria nani?