Muulizeni Mgonjwa Kwanza

Baba aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa barazani nyumbani Kirumba, Mwanza, kikombe cha uji mkononi mwake, akihesabu vijiko vilivyokubali kupita kooni. "Mwanangu, daktari amesemaje?" Nikamjibu kama tulivyokubaliana na shangazi na baba wadogo: "Vidonda vya tumbo, baba. Utapona." Akanitazama, akaweka kikombe chini, akaulizia bei ya dagaa Mwaloni.

Ilikuwa saratani ya umio, njia ya chakula, imeshasambaa. Daktari alituambia sisi kwenye korido, baba mwenyewe akiwa kwenye benchi hatua chache tu. Naamini alijua siku ile ile. Alichokosa ni mtu wa kuzungumza naye.

Kila mara alisema angependa kwenda Ukerewe kuwaona ndugu zake. Tukamjibu, "Ukipona, baba." Alivushwa kwenda Nansio akiwa ndani ya jeneza. Na kabla matanga hayajaisha, watu wawili walishakuja kudai mtumbwi mmoja, na hakuna aliyejua nani mkweli.

Mama mdogo alipougua saratani ya shingo ya kizazi, binti yake alimuuliza hata kabla ya majibu kutoka: "Mama, utapenda uambiwe mwenyewe, au tukusikilizie sisi?" Akasema, "Niambieni mimi. Ila habari ya siku zilizobaki msinitajie."

Ndugu zangu, ulizeni swali hilo, na mliulize mapema, maana maumivu yakishazidi mtu hana nguvu ya kuchagua. Wapo wasiotaka kujua kabisa. Waacheni, mradi wamesema wenyewe. Na anayetaka kujua muda, msimpe tarehe. Daktari hukadiria tu, ni wiki au ni miezi.

Mkishamwambia, msimwache hapo. Ulizieni tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Ng'ambo ya ziwa letu, Kampala, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na wagonjwa wakaanza kupewa morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, wakainywe nyumbani kwao. Wengi tunaliogopa jina hilo, tunadhani ndiyo dawa ya kumaliza mtu. Mama mdogo aliinywa kila baada ya saa nne kama alivyoelekezwa, bila kusubiri maumivu yarudi, na asubuhi ulimkuta amekaa kwenye mkeka akichambua dagaa na kugombeza wajukuu. Inafunga choo, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha siku hiyo hiyo. Sisi tulichelewa wiki nzima, akateseka bure.

Jumapili moja alituita chumbani, akafungua sanduku. Akagawa kanga zake moja moja, akimtaja kila mwenye nayo na kwa nini amempa. Doti ya mwisho, nyekundu, haijafuliwa hata mara moja, akaniwekea mapajani. "Hii nitunzie," akasema. "Ndiyo mtakayonifunika."