Paipu ya friji si paipu ya breki

Swali: Nimerithi Land Rover Series III ya marehemu baba, nami naishi Tanga, karibu kabisa na bahari. Paipu za breki zimeliwa na kutu, na ile ya nyuma imeanza kuvuja. Fundi ameshauri tufunge za shaba zinazotumiwa na mafundi friji, kwa kuwa hazishiki kutu. Je, nibadilishe hiyo moja au zote?

Jibu: Badilisha zote, pamoja na hozi za mpira, kwa maana zimekula chumvi ile ile kwa miaka ile ile. Hata hivyo, kilichonisukuma kukujibu ni hiyo shaba, kwani haupiti mwezi bila kuletewa gari lililofungwa paipu za friji, na mwenyewe akijivunia jinsi zinavyong'aa.

Ni kweli kwamba shaba haishiki kutu, lakini huchoka. Mtikisiko wa injini na wa barabara huifanya shaba tupu iwe ngumu kidogo kidogo hadi ipasuke, na aghalabu hupasuka mahali pasipoonekana, yaani nyuma ya nati, kwenye shingo ya mdomo uliotanuliwa. Moja niliyoifungua ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ambao sikuutambua mpaka nilipopitisha ukucha. Dalili pekee ilikuwa vumbi lililogandia kwenye nati yenye unyevunyevu. Tena fundi friji hutanua mdomo kwa mkunjo mmoja, nao humtosha kwa gesi yake, ilhali breki ikikanyagwa kwa nguvu presha ndani ya paipu huweza kufika baa 100, ambayo friji ya nyumbani haikaribii hata robo yake.

Kwa mtu wa pwani, ningechagua paipu ya breki ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, inayokunjika kwa urahisi, isiyoliwa na chumvi, wala isiyochoka upesi kama shaba tupu. Mdomo ufuate umbo la ule wa asili, uwe wa mkunjo wa mara mbili au wa kibonge, yaani uliovimba kama kiputo. Nati za zamani usizitupe kabla ya kulinganisha nyuzi: magari ya Uingereza ya enzi hizo kwa kawaida ni ya inchi 3/8, na kama kuna mtu alikwisha kukufungia silinda yenye nyuzi za milimita 10, nati ya 3/8 itaingia, itajifanya imekaza, kisha itachomoka siku ya kukanyaga kwa dharura. Kama breki zako ni za njia moja, yaani magurudumu yote yanategemea mkondo mmoja wa mafuta, kama zilivyo za Land Rover nyingi za zamani, hakuna gurudumu litakalobaki na breki.

Wapenda njia za mkato hawaishii kwenye shaba. Wapo wanaolehemu kipande kilichooza, na wapo wanaojazia mafuta ya injini pale mafuta ya breki yanapopungua, yakavimbisha mipira yote kuanzia masta silinda hadi magurudumuni. Wabaya zaidi ni wanaoziba paipu inayovuja kwa goroli. Gari moja lililetwa kwangu kwa lalamiko dogo tu, kwamba likifungwa breki linavuta kushoto; nilipofungua paipu ya gurudumu la mbele kulia, goroli lilidondoka kiganjani mwangu, na mwenye gari, aliyelinunua miaka miwili nyuma, hakuwa na habari nalo.