Nilinunua gari Jumamosi saa tisa alasiri, Jumatatu asubuhi nikaelewa

Vitz yangu niliiuza Alhamisi, kwa sababu mnunuzi alikuja na hela mkononi na mimi nilikuwa nimeshachoka kuisukuma. Nyingine sikuwa nimeanza hata kuitafuta. Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa. Watoto wawili, sisi tunakaa Dar, Malamba Mawili kwa ndani, kule ambako mvua ikinyesha bodaboda hupandisha bei utadhani mawingu ni ya kwao, na ofisi yangu iko Posta. Nilikuwa na milioni nane na siku tatu.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye siku tatu zake zimeanza leo. Mwenye miezi ya kutafuta kwa utulivu ataagiza Japani, asubiri meli, alipe ushuru, akapokee mzigo wake bandarini. Sisi wengine tunaingia yadi ya magari ya mtumba. Na methali ile ambayo tayari imekujia kichwani siiandiki, maana mwenye haraka haijawahi kumsaidia.

Kijana wa yadi alinipokea vizuri. "Karibu dada, tunatafuta nini?" Nikamjibu kwa pumzi moja: gari ya familia, bajeti milioni nane, naihitaji kabla ya Jumatatu. Hapo ndipo biashara ilipoishia, ingawa tulikaa pale saa mbili zaidi. Nilikuwa nimemtajia kiasi nilichonacho na siku yangu ya mwisho kabla hajaniambia hata jina lake.

Akanipeleka kwenye Toyota Raum ya rangi ya fedha, usajili wa namba D. Wanaoijua Raum ile ya toleo la pili wanajua ujanja wake: upande wa kushoto ukifungua mlango wa mbele na kusogeza wa nyuma, katikati hakuna nguzo, pako wazi kama sebule. Mwanangu mdogo akaruka ndani, akajifunga mkanda, akasema tuondoke. Basi. Ushauri wangu wa kwanza kabisa kwa mzazi: watoto waache nyumbani.

Nilikuwa nimeongozana na shemeji yangu, ambaye ujuzi wake wa magari unaishia kwenye kuendesha. Kijana akawa anamweleza shemeji habari za injini, mimi ananionyesha kioo cha kujipodolea. Ndani kulinukia limau. Dashibodi ilikuwa inateleza kwa kupakwa, injini imeoshwa mpaka inang'aa, na AC ilikuwa inapiga baridi ya Lushoto. Gari lilikuwa tayari linanguruma tulipofika. Nilidhani ni ukarimu.

Tukaomba kuliendesha. Taa ya mafuta ilikuwa inawaka, "ya kuzungukia hapa hapa yanatosha," akasema. Tukazunguka yadi mara mbili, tukatoka hadi kwenye tuta la kwanza, tukarudi. Ndipo simu yake ikaita. "Ndiyo bosi... yule wa Morogoro? Kafika Kibaha?" Akanitazama kwa huruma. "Dada, kuna mtu anakuja na hela yote. Mimi nakupendelea wewe, ila acha hata laki mbili ya kushikia."

Mpaka leo sijui kama yule mtu wa Morogoro alikuwepo. Nimewauliza rafiki zangu waliowahi kununua yadi nyingine: mmoja mshindani wake alikuwa anatoka Dodoma, mwingine alikuwa anavuka na boti kutoka Zanzibar. Kwa nini hawa watu huwa hawatoki karibu?

Bei ilianzia milioni nane na nusu, ikashuka mpaka saba na laki nane "kwa sababu ni wewe". Saa tisa alasiri nilikuwa nimelipa.

Jumatatu saa kumi na mbili kasoro asubuhi nikaliwasha. Likawaka kwa kusitasita. Nikaweka gia ya D, nikaachia breki, halikwenda. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, kisha gari likashtuka mbele kama limepigwa teke. Tulifika shule. Kwenye foleni ya Kimara mshale wa joto ukaanza kupanda, nikaegesha kando, nikapandishwa na mwendokasi mpaka kazini huku nikinuka jasho na rejeta.

Fundi niliyeletewa na dada yangu hakushangaa hata kidogo. Alitoa kijiti cha oili ya giaboksi, akakipangusa kwenye karatasi nyeupe, akaninusisha: nyeusi, inanuka kuungua. Oili ya giaboksi la Toyota kama lile inapaswa kuwa nyekundu. Halafu akazungusha ufunguo mpaka ON bila kuwasha injini, akaniuliza, "Taa ya injini iko wapi?" Sikuelewa swali. Akafungua dashibodi. Nyuma ya ile alama ya injini ya rangi ya chungwa kulikuwa na kipande cha mkanda mweusi wa umeme, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kimekatwa kwa wembe vizuri kabisa. Mtu alikaa akakikata kile kipande kwa uangalifu. Ninacho mpaka leo, nimekibandika nyuma ya kadi ya gari.

Giaboksi la mtumba, rejeta, thamostati (ya zamani ilikuwa imeng'olewa na kutupwa) na ufundi vilinila milioni moja na laki tisa. Jumlisha mwenyewe. Kwa hela ile ningeweza kununua gari la mtu ninayemfahamu.

Sasa, kama ni lazima ununue wiki hii, fanya hivi.

Kwanza tenganisha tatizo la usafiri na tatizo la gari. Mimi niliyachanganya. Bajaji ya makubaliano ya kupeleka na kurudisha watoto kwa wiki mbili isingefika laki mbili kwa mtaa wetu, na mimi mwenyewe ningepanda mwendokasi Kimara hadi Posta kama wenzangu wote. Wiki mbili kwa laki mbili. Niliona ni gharama ya bure, nikaenda kutoa milioni moja na laki tisa. Omba gari la ndugu, kodi, panda bajaji, chochote, ili ukiingia yadi uwe mtu anayeweza kuondoka. Na usiseme habari za Jumatatu. Ukiulizwa unaihitaji lini, sema unaangalia angalia tu, mwenzio yuko safarini.

Pili, nenda asubuhi. Simaanishi saa nne. Fika wanapofungua, kabla vijana hawajaanza kuyawasha na kuyaosha. Injini iliyolala usiku kucha haidanganyi: inasema kama inamisi (inarukaruka), kama stata na betri vinachoka, kama kuna mnyororo unaogonga sekunde za kwanza, kama giaboksi linachelewa kushika. Ikishapashwa moto, nusu ya mambo hayo hujificha. Watu husema gusa boneti uone kama ni ya baridi, lakini Dar saa sita mchana boneti ya gari lililokufa tangu mwaka jana nayo inaunguza. Asubuhi ndiyo kipimo. Ukipiga simu siku moja kabla, waambie wasiliwashe. Ukilikuta linanguruma, lizimwe, urudi kesho. Wakikasirika, umepata jibu bila kulipa fundi.

Likiwaka, simama nyuma utazame ekzosi. Mvuke kidogo wa asubuhi hauna neno. Moshi wa bluu maana yake linaunguza oili. Mweusi, linakula mafuta kupita kiasi. Mweupe mzito usiokoma, maji yanaingia mahali yasipotakiwa, na hapo tunazungumzia gasketi ya silinda hedi. Kabla ya kuliwasha funua kifuniko cha oili: ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, funika, aga. Na maji ya rejeta yakiwa na rangi ya chai ya rangi, jua limekuwa likinyweshwa maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), na kutu imeshaanza.

Ile habari ya taa ndiyo ninayomwambia kila mtu siku hizi. Zungusha ufunguo mpaka ON, injini bado imezimwa. Taa zote za onyo zinatakiwa kuwaka: injini, oili, betri, mifuko ya hewa. Ukiwasha, zizimike. Taa ambayo haikuwaka kabisa ni ya kuogopa kuliko inayowaka, kwa sababu inayowaka angalau inasema ukweli. Fundi mwenye mashine ya kupima ataichomeka chini ya usukani, lakini makosa yanaweza kufutwa asubuhi ileile, kwa hiyo apime kabla na apime tena baada ya kuendesha dakika thelathini au zaidi. Mafuta ya mzunguko huo weka mwenyewe, elfu ishirini, nenda sheli ya karibu. Kipande cha barabara kiwe na kilima, foleni na lami iliyonyooka ambapo unaweza kuachia usukani kidogo uone gari linavutwa upande gani.

Kuhusu fundi: usimchukue aliyekaa chini ya mwembe nje ya yadi, na usimchukue yule ambaye kijana wa yadi atakupigia. Cha juu chake, yaani kamisheni, kiko ndani ya bei yako. Mlipe wako kabla ya kwenda na umwambie atalipwa hivyo hivyo hata akikataa gari. Nimeona fundi mzuri akipitisha gari bovu kwa sababu tu alijua kazi ya kulitengeneza itakuwa yake.

Bodi utaipima mwenyewe kwa sumaku ya friji iliyofungwa kitambaa: panapogoma kunasa pana pati nene (ile ya kuzibia mabonde kabla ya rangi), na pati nene ina historia. Kwenye matairi tafuta tarakimu nne ndani ya duara. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, kama gari liliwahi kulala kwenye maji kuna mstari wa tope utaukuta huko ambako muoshaji hakufika. Kilomita usiziamini, tazama pedeli ya breki na ngozi ya usukani. Na mtu akikuambia gari lina karatasi ya mnada ya Japani yenye alama 4, aionyeshe, na namba ya chasisi ilingane. R pale kwenye alama maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa.

Makaratasi yalinitesa kwa miezi miwili, ingawa niliyaona ni jambo la mwisho. Kadi ya gari ilikuwa na jina la mtu ambaye hakuwepo yadi, wala kijana hakumjua. Yeye alinunua kwa mtu aliyenunua kwa huyo. Kubadilisha umiliki TRA (mamlaka ya mapato) kunahitaji mkataba wa mauziano, TIN (namba ya mlipakodi) yako na ya mwenye jina kwenye kadi, kadi halisi, na ushuru wa stempu wa asilimia 1. Sasa mtafute mtu huyo kwa namba ya simu isiyopatikana. Kama muuzaji ana fotokopi tu na kadi "iko kwa bosi", ujue huenda iko benki inashikilia mkopo. Usilipe hata ya kushikia.

Kwa kutumia namba ya gari, palepale umesimama, unaweza kuangalia kwenye simu madeni ya trafiki, ya maegesho na kama bima iko hai. Mimi niliangalia baada ya wiki. Nilirithi notifikesheni nne za faini za trafiki, elfu thelathini kila moja, pamoja na maegesho ya mitaa ambayo sijawahi hata kufika. Kijana wa yadi nilipompigia aliniambia mkataba umeandikwa "kama ilivyo". Kweli ulikuwa umeandikwa hivyo, mstari wa mwisho, juu ya sahihi yangu.

Mwezi uliopita mdogo wangu alipata kazi Bagamoyo, inaanza baada ya siku tano, akataka Passo aliyoiona mtandaoni, yadi nyingine kabisa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa getini na fundi wetu, mlinzi bado ana blanketi mabegani. Gari lilikuwa na umande kwenye kioo. Kijana akaja anakimbia na ufunguo mkononi huku anafunga vifungo vya shati: "Dada zangu mmewahi! Ngojeni kwanza niipashe kidogo."

Mdogo wangu akamwambia hapana, asante, tunataka kuiwasha wenyewe. Akasimama na ufunguo wake, akatutazama mmoja mmoja, akasema funguo hii siyo, ngoja akaulize kwa bosi. Tulimsubiri nusu saa. Tukanywa chai na vitumbua kwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, tukapanda daladala.