Kabla hujapanda basi la Dodoma, jua barua yako ni ya nani

Nimefanya kazi masjala ya halmashauri moja huku Nyanda za Juu Kusini miaka mingi. Ushauri wangu wa kwanza: barua ya wizarani usimwandikie Waziri, mwandikie Katibu Mkuu.

Waziri ni mwanasiasa. Sharti awe mbunge, na Rais humteua baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Kazi yake ni sera na kujibu maswali bungeni. Katibu Mkuu naye ni mteule wa Rais, ila ni mtumishi wa umma: ndiye mtendaji mkuu wa wizara, ndiye afisa masuhuli, fedha zikipotea anaulizwa yeye. Chini yake wapo wakurugenzi wa idara, na huko ndiko jalada lako litatembea au litalala.

Wengi hupotea kwenye kuchagua wizara. Chukua wakulima wa viazi wa Umalila, huku Mbeya. Masika barabara ya kijiji ikikatika, lori likanasa na viazi vikaanza kuoza, mkutano wa kijiji unaamua iandikiwe Wizara ya Ujenzi. Ujenzi, kupitia wakala wake TANROADS, inashughulika na barabara kuu na za mikoa, kama ile ya TANZAM iendayo Zambia. Ya kijijini ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017 chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Shuleni ndiyo utachoka kabisa: sera na mitaala ni Wizara ya Elimu, madarasa ya msingi na sekondari ni TAMISEMI. Maji ya kijijini ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, chini ya Wizara ya Maji; hapo angalau hakuna utata.

Hakikisha pia jina la wizara, maana Rais huziunganisha na kuzitenganisha. Ujenzi na Uchukuzi zilikuwa wizara moja hadi Agosti 2023.

Kwa mambo ya kijiji, anza kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, barua ipitie kwa mtendaji wa kijiji na wa kata. Ukiruka ngazi, Dodoma watairudisha huku huku, na wewe nauli imeshaliwa. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe, uondoke nayo. Barua ikijibiwa, nakili ile Kumb. Na. (namba ya kumbukumbu) iliyo juu, maana ukija kuulizia "ile barua yetu ya barabara", karani atakuonyesha rundo zima.