Kontrola yangu inavuma nikichomeka chaja, ninunue nyingine?

SWALI: Habari fundi. Mimi ni dijei wa sherehe ndogondogo na pia narekodi nyimbo zangu mwenyewe chumbani. Natumia laptopu na kontrola (meza ya dijei ya kuchanganyia nyimbo) ndogo ya chaneli mbili, sasa nikichomeka tu chaja ya laptopu spika zinaanza kuvuma mmmmm mpaka watu wanageuka kuniangalia. Nimedunduliza hela nataka kununua kontrola kubwa ya chaneli nne na maiki ya kondensa. Niko sawa au napotea?

JIBU: Salama mkuu. Unapotea kidogo, ila bahati nzuri umeuliza kabla hela haijatoka.

Tuanze na huo mvumo maana ndio unaokusukuma dukani wakati kontrola yako pengine haina ugonjwa wowote. Ukinunua hiyo kubwa ukaiunga kwa chaja ileile na waya zilezile, kuna uwezekano mkubwa itavuma vilevile. Kinachotokea ni hivi: laptopu inapata athi (njia ya umeme kwenda ardhini) kupitia chaja, mixa na spika nazo zinapata athi kupitia soketi yao, halafu waya wa sauti unaziunganisha zote, kwahiyo athi inakuwa na njia mbili na katikati yake unazunguka mkondo mdogo ambao spika haijui kama ni uchafu, inaukuza kama muziki. Ndio maana mlio wake ni mzito, ni ule wa umeme wenyewe, 50 Hz au 60 Hz kutegemea nchi uliko, pamoja na vijukuu vyake vya 100 au 120.

Jaribio lake ni la bure. Piga muziki, chomoa chaja, acha laptopu iende na betri. Mvumo ukikata papo hapo basi jibu umelipata. Usipokata, anza kubadilisha waya mmoja mmoja, mara nyingi unakuta ni RCA (ule waya wa sauti wa vichwa vyekundu na vyeupe) iliyochoka na ngao yake (nyuzi za nje zinazozuia kelele) imekatika pale kichwani. Na kama unachosikia sio mvumo mzito bali ni kamlio kembamba kanakobadilika ukisogeza mausi, hiyo ni kelele ya laptopu yenyewe inapitia USB, ila dawa zao zinakaribiana.

Dawa ya kwanza, chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja, laptopu, mixa, spika kama ziko karibu na kama ekstensheni inaubeba huo mzigo. Wakati mwingine kesi inaishia hapo. Isipoisha tafuta DI boksi (kisanduku kinachokaa kati ya kontrola na mixa) ya chaneli mbili yenye transfoma ndani, sio ya betri tupu. Transfoma inapitisha sauti kwa sumaku bila shaba kugusana, kwahiyo ile njia ya pili ya athi inakatika, ukibonyeza na kile kiswichi chake cha kukata athi ya waya wa sauti ndio kabisa. Kumbuka tu DI inashusha sauti hadi kiwango cha maiki, toleo lake la XLR (plagi ya pini tatu) linaingia kwenye tundu la maiki la mixa, watu wanaichomeka kwenye laini (tundu la sauti iliyokwisha kukuzwa) halafu wanalalamika sauti ndogo. Kuna na vile vichujio vidogo vya RCA, vinafanya kazi hiyohiyo ila transfoma yake ikiwa ndogo sana besi inalegea, na dijei asiye na besi mnajuana wenyewe.

Kitu kimoja usifanye hata ukiambiwa na nani: usikate pini ya athi ya chaja wala ya spika. Mvumo utaondoka kweli, lakini ile pini ndio inayokulinda siku umeme ukivujia kwenye bodi ya chuma na wewe umeshika maiki mdomoni. Hili sitanii.

Chaneli nne sasa. Jiulize tu, mara ngapi umejikuta unataka wimbo wa tatu ukashindwa? Kama jibu ni mara mbili mwaka mzima basi chaneli mbili zinakutosha. Kitu ambacho mimi ningeangalia kwenye kontrola ya kupanda nayo ni matundu ya nyuma, iwe na toleo la XLR au TRS (jeki yenye sehemu tatu) la balansi. Ndogo nyingi zina RCA tu, na RCA ukishaivuta mita kumi hadi spika inageuka antena. Balansi inabeba sauti mara mbili, moja imegeuzwa, ikifika mwisho zinatoana na kelele iliyoingia njiani inafutika. Hiyo ndio pesa ya kontrola kubwa, sio taa.

Kwenye hedifoni usibane sana hela. Ziwe za kufunga sikio, na waya uwe unachomoka, maana waya ndio unaokufa kwanza. Sennheiser HD 25 ipo tangu 1988 na madijei bado wanaing'ang'ania kwa sababu karibu kila kipande unabadilisha, sikio moja linageuka, na ni nyepesi.

Upande wa kurekodi, kondensa ni maiki nzuri ila chumba chako hakijawa tayari kwa hiyo maiki. Inasikia kila kitu, feni, jirani, ukuta unaorudisha sauti, yote itakuwemo kwenye vokali na huwezi kuitoa baadaye. Kwa chumba kisichotibiwa chukua ya dainamiki (aina isiyosikia mbali), kama Shure SM58, ile iliyoanza kutoka 1966 na bado iko majukwaani. Imba karibu nayo, vidole vitatu hivi kutoka mdomoni, na nyuma yako tundika godoro au mablanketi mazito (zile sponji nyembamba za ukutani zinakula milio ya juu tu, besi inapita kama kawaida). Faida nyingine maiki hiyohiyo unaenda nayo kwenye sherehe.

Ila dainamiki ina sauti ndogo kwahiyo hela ya kondensa ihamie kwenye kadi ya sauti ya nje yenye priampu (kikuza sauti cha maiki) safi, matundu mawili yanakutosha. Hakikisha ina volti 48 (umeme unaoendesha maiki ya kondensa) ili siku ukinunua kondensa usianze upya, na kama uko Windows iwe na draiva yake ya ASIO (inayopunguza kuchelewa kwa sauti). Ukirekodi weka 48 kHz, biti 24, bafa (kiasi cha sauti laptopu inachokusanya kabla ya kukichakata) 128, hapo bafa inakuchelewesha kama milisekunde 2.7 tu, jumla inazidi kidogo lakini hutaisikia. Ukiacha 512 zinakuwa karibu milisekunde 11, tena za kwenda peke yake, na utaanza kuimba nyuma ya mdundo bila kujua kwanini. Geini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki) usiipandishe mpaka taa nyekundu, vilele viishie kwenye -12 au -10 dB, biti 24 zina nafasi ya kutosha huko chini.

Kwahiyo mpangilio wangu ni DI na waya mpya, halafu kadi ya sauti na maiki, hedifoni kama za sasa zimechoka, kontrola iwe ya mwisho. Fanya lile jaribio la chaja leo, ukiona mvumo haukati hata kwa betri niandikie umeunga nini na nini, tundu kwa tundu.